Vyombo Vinavyozeeka Vema



Lugha yetu inayo maneno mawili ambayo si vizuri kuyachanganya: kuchakaa na kuzeeka. Ndala huchakaa, shuka huchakaa, beseni la plastiki huchakaa. Kila siku hupungukiwa na kitu mpaka siku linapotupwa, wala hakuna anayelililia. Mtu hachakai. Mtu huzeeka, maana yake miaka inayompunguzia nguvu humwongezea jambo jingine, na kwa sababu hiyo tunampisha akae mbele. Katika tafakari hii tunapenda kuzungumza nanyi juu ya vyombo vichache vya nyumbani ambavyo, kwa maoni yetu, vinastahili neno la pili: kinu cha mti, chungu cha udongo, kitunga na kirago. Vyote hutoka katika ardhi ya kwetu, vyote hufanywa kwa mikono, na vyote, vikitunzwa, huwa bora kadiri vinavyotumika. Baadaye tutazungumza juu ya mikono yenyewe, kwa kuwa huko ndiko kuna jambo linalotusumbua moyo.

Tuanze na kinu, kwa sababu hakuna nyumba ya Kivu inayokula sombe isiyoijua sauti yake. Mchongaji mwenye ujuzi hachukui gogo lolote. Hutafuta mti mgumu, wenye nyuzi zilizoshikana, usiotia uchungu wala harufu katika chakula. Huuchonga ungali mbichi, maana mti mbichi huitii tezo. Kisha huuacha ukauke polepole kivulini, kwa miezi. Akiuharakisha juani, upande wa nje husinyaa wakati ndani bado kuna maji, na kinu hupasuka kabla hakijatwanga hata jani moja. Wengine hukipaka mafuta, hasa pale nyuzi za mti zilipokatwa, kwa kuwa huko ndiko maji yanakotoka kwa haraka kuliko mahali pengine.

Kinu kipya hukwaruza, na vumbi la mti huingia katika chakula. Kwa hiyo siku za kwanza hutwangwa ndani yake vitu vya kutupwa, mpaka tumbo lake lilainike. Baada ya miaka kumi shimo hilo limekuwa laini kama kiganja, na mdomo wake unang'aa kwa mafuta ya mikono iliyoushika. Hakuna aliyepaka rangi mahali hapo. Kazi yenyewe ndiyo iliyokipamba.

Nyumbani mwetu kuna kinu ambacho mama yetu alikipokea alipoolewa. Mwaka 1996, vita ilipofika Bukavu, tulikimbia kama wengine. Tuliporudi, magodoro, redio, sufuria, hata milango, vyote vilikuwa vimechukuliwa. Kinu kilibaki uani, kwa sababu kilikuwa kizito na hakikuwa na mnunuzi. Juma lile lote akina mama wa mtaa walikuja kutwanga kwetu kwa zamu, kila mmoja na kifurushi chake cha majani ya muhogo, na wale ambao hawakuwa na kitu walikula pamoja na wale waliokuwa nacho. Chombo ambacho wanyang'anyi hawakukipa bei yoyote ndicho kilichowalisha majirani.

Chungu nacho kina safari yake. Udongo huchimbwa bondeni, huondolewa mawe na mizizi, hupondwa na kukandwa mpaka uwe laini. Wafinyanzi wengi huchanganya ndani yake mchanga, au vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyosagwa. Vigae hivyo vilikwisha kupita motoni, havisinyai tena, na kwa hiyo huusaidia udongo mpya usipasuke unapokauka. Chungu kilichovunjika, basi, hakipotei chote. Huingia katika mwili wa chungu kingine na kukitia nguvu. Milimani kwetu kazi hii hufanywa bila gurudumu. Mama mfinyanzi husokota kamba za udongo, huzipandanisha duara juu ya duara, huziunganisha kwa vidole, kisha husawazisha ukuta kwa jiwe laini au kipande cha kibuyu. Chungu hukaa kivulini siku nyingi, halafu huchomwa katika moto wa wazi wa majani na kuni. Joto la moto huo mara nyingi huwa kati ya nyuzi 600 na 900. Hilo latosha: udongo uliopita hapo hubadilika asili yake, na maji hayawezi tena kuurudisha kuwa tope.

Udongo uliochomwa hivyo huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana chungu cha kupikia huzoezwa kwanza: hupikiwa uji, na wanga wake huziba vitundu hivyo kidogo kidogo. Kila chakula kinachofuata huongeza kitu, mpaka maharage ya chungu cha miaka mitano yawe na ladha ambayo chungu kipya hakiwezi kuitoa. Chungu cha maji huachwa kitoe jasho. Jasho hilo likikauka kwa upepo huondoka na joto, na maji ya ndani hupoa bila umeme. Hakuna ufundi wa siri hapa. Ni subira, na kuujua udongo wa mahali.

Juu ya kitunga, ungo na kirago tutasema machache. Matete, mafunjo ya bondeni, nyuzi za mgomba: vitu ambavyo mpita njia huviona kuwa magugu, mikono iliyofundishwa huvigeuza kuwa chombo kinachobeba maharage au kitanda cha mgeni. Zamani vitunga vilitundikwa juu ya jiko la kuni. Moshi uliwafukuza wadudu na kuyapa majani rangi ya kahawia. Ukingo ukifumuka, husukwa upya, na kitunga huendelea na safari. Na ninyi wenyewe mmeona kwamba siku ya matoleo, maharage na ndizi vinapopelekwa altareni, mara nyingi hubebwa katika kitunga. Hatujasikia paroko yeyote akiagiza hivyo. Ni akina mama wenyewe wanaojua kwamba zawadi huheshimiwa pia kwa kile kinachoibeba.

Tukivitazama vyombo hivi pamoja, tunaona sababu tatu za uzuri wa uzee wao. Kwanza, vilivyo nje ndivyo vilivyo ndani. Kinu kikikwaruzwa, chini ya mti kuna mti; beseni lililopakwa rangi likikwaruzwa, aibu yake huonekana. Pili, hutengenezeka kwa vidole vya watu wa nyumbani, bila kungoja kipuri kutoka ng'ambo. Tatu, vikifika mwisho, mwisho wao hauleti madhara: kirago huoza shambani, kinu kilichopasuka huwasha moto, kigae humsubiri mfinyanzi.

Sisi tulijifunza ualimu katika miaka ya 1980, wakati somo la kazi za mikono lilikuwa somo kweli. Mwalimu wetu alikuwa na desturi moja ambayo haijatutoka. Alipoletewa kitunga, alikipindua. Alitazama kitako na upande wa ndani, mahali ambapo mnunuzi hatazami, na hapo ndipo alipotoa pointi zake. Alisema kwamba upande wa nje huonyesha jinsi unavyotaka kuonekana, na kitako huonyesha jinsi ulivyofanya kazi ulipokuwa peke yako. Hatukumsikia akitaja neno maadili, lakini kwa ile desturi ya kupindua kitunga alitufundisha maadili kuliko kitabu cha somo hilo. Siku hizi, katika shule nyingi, somo la kazi za mikono limekuwa jambo la mtoto kununua ufagio sokoni Kadutu na kuuleta darasani ili apewe pointi. Mtoto hujifunza kununua. Kufanya hajifunzi.

Msidhani kwamba tunawaita mrudi katika maisha ya mababu. Sisi tunaijua shingo ya msichana aliyepanda mlima na chungu cha maji kichwani: chungu ni kizito kabla hakijatiwa hata tone moja, na akijikwaa hupoteza maji pamoja na chombo. Bidoni ya njano ya lita 20 iliwapunguzia dada zetu mateso hayo, nasi hatuitukani. Sufuria nayo huchemsha maji upesi, na makala ni ghali. Aliyekimbia vita mara mbili hawezi kulaumiwa kwa kupenda chombo chepesi. Mwenye hekima hutumia kila kitu mahali pake.

Lakini tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Plastiki ikikaa juani hukauka, hukatika, hugeuka vipande vidogo ambavyo udongo hauvipokei. Ninyi vijana wa Bukavu mnaujua mlango wa mto Ruzizi, mahali ziwa Kivu linapotoa maji yake. Pale kuna bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza, linalofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa na mifuko tunayoitupa katika mifereji ya vilimani huteremka na mvua, huelea ziwani, na kurundikana mbele ya bwawa hilo hata kuziba njia ya maji. Mara nyingine mashine husimama na mitaa hukaa gizani. Serikali ilitoa agizo la kukataza mifuko ya plastiki mwishoni mwa 2017; kila mwenye macho anaona jinsi tulivyolipokea. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliuita ugonjwa huu utamaduni wa kutupa, naye aliunganisha jambo ambalo sisi hupenda kulitenganisha: anayezoea kutupa vitu hufika pia mahali pa kutupa watu.

Na hapa tunafikia mikono.

Katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani kuna viti vya enzi vya Waluba, vilivyochongwa katika mti katika karne ya 19. Kiti hubebwa juu ya mikono na kichwa cha mwanamke aliyechongwa kwa ustadi mkubwa, uso wake mrefu na mtulivu. Baadhi yao, pamoja na kazi nyingine zinazofanana, vimejulikana duniani kama kazi za fundi wa Buli, kwa jina la kijiji kimoja cha Katanga. Kwa miaka mingi walioviandika vitabuni hawakuwa na jina la mtu. Baadaye watafiti walitaja jina la Ngongo ya Chintu. Kadhalika sanamu ndogo za Warega wa chama cha Bwami: zilipakwa mafuta na kushikwa na vizazi mpaka zikang'aa, na leo hulindwa nyuma ya vioo, lakini walio wengi kati ya waliozichonga hawajulikani. Chombo kilidumu, jina la fundi likapotea. Ni rahisi kuwalaumu wageni waliochukua kiti bila kuuliza nani alikichonga. Tujiulize kwanza kama sisi wenyewe huuliza.

Katika milima ya Kivu, kama ilivyo Rwanda na Burundi, ufinyanzi umekuwa tangu zamani kazi ya Batwa zaidi ya watu wengine. Familia nyingi kati yao ziliishi katika msitu wa Kahuzi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, walitolewa msituni, na wengi walibaki bila ardhi. Kisha sufuria na plastiki zikachukua soko la vyungu. Lakini kuna jeraha la zamani kuliko hayo yote. Desturi mbaya ya milima yetu ilimruhusu mtu kununua chungu cha Mtwa na kukipikia watoto wake, na wakati huohuo ikamkataza kunywa na Mtwa katika kibuyu kimoja. Chungu kiliingia mpaka jikoni. Aliyekifinyanga alibaki nje ya lango.

Tungependa kuwaambia kwamba desturi hiyo imekwisha. Miaka michache iliyopita tulikuwa na binti mmoja katika darasa letu la kipaimara, mwenye akili nyepesi na sauti nzuri ya kuimba. Mama yake ni mfinyanzi. Vyungu vyake tunavitumia nyumbani. Siku moja tulimwuliza binti kama mama amekwisha kumfundisha kazi yake. Alijibu kwa sauti ya chini, akitazama mlango: «Siku nitakapobeba chungu kichwani, wote watajua mimi ni nani.» Vijana wapendwa, mtoto yule hakuwa akiuogopa udongo. Alituogopa sisi. Alikuwa amepima sawasawa, akaona kwamba katika parokia yetu ni afadhali ujuzi wa bibi zake ufe kuliko yeye ajulikane.

Tuliporudi nyumbani tulizungumza na mke wetu, kisha tulimwendea mama yule na kumwomba aje kufundisha darasa la kipaimara siku ile tunaposoma jinsi nabii Yeremia alivyotumwa katika nyumba ya mfinyanzi. Alisita. Aliuliza atakaa wapi. Tulimjibu kwamba atakaa kwenye kiti cha mwalimu, na kwamba atalipwa kwa siku yake kama fundi yeyote anavyolipwa. Alikuja na udongo ndani ya kitambaa kilicholoweshwa. Alifinyanga mbele ya vijana 30, na chungu cha kwanza kilipolegea upande mmoja, alikibonyeza chote kuwa donge na kuanza upya, bila kukasirika na bila kutafuta wa kumlaumu. Sisi tuliofundisha sura ile kwa miaka zaidi ya 20 hatukuwahi kuona darasa likiielewa kwa ukimya namna ile. Kijana mmoja aliuliza kwa nini hakuutupa udongo uliokosea. Alishangaa, akasema udongo haukosei, na kwamba bondeni alikouchimba sasa kuna mwenyewe, naye hulipa kwa kila kikapu.

Baada ya somo tulikula bugali na maharage pamoja, kutoka sahani zilezile. Wawili walitoa udhuru wakaondoka kabla ya chakula. Binti alikaa nyuma muda wote, na mpaka leo hajaanza kufinyanga, wala hatumlazimishi. Hakuna mtu anayedaiwa kurithi kazi ili sisi tufurahie vyungu. Tunachodaiwa sisi ni kuondoa ile hofu, ili siku akichagua kufinyanga au kutofinyanga, achague akiwa huru.

Kwa hiyo tunawaomba mambo ambayo kikundi chochote cha vijana kinaweza kuyafanya. Mnaponunua chungu, kitunga au kigoda, mwulizeni fundi jina lake na mliandike ndani ya nyumba zenu. Msishindane naye juu ya bei mpaka aondoke amelipwa kuni tu. Kikundi chenu kikitaka kujifunza kazi hii, kimwite mwenyewe aifundishe, na kimlipe, kuliko kuichukua na kuiuza kwa jina la parokia. Wale kati yenu wanaojiandaa kufunga ndoa, katika orodha ndefu ya vyombo vya arusi, wekeni kimoja ambacho wajukuu wenu wataweza kukipindua na kutazama kitako chake. Na fundi aliyekifanya aalikwe arusini, akae mezani.

Chungu kinajua kuzeeka peke yake. Sisi tuwaangalie watu wanaovifinyanga, wasichakae mikononi mwetu.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Katika nyumba yako kuna chombo gani kilichofanywa kwa mikono? Ni nani aliyekifanya, na unalijua jina lake?

2. Katika parokia yetu, ni watu gani ambao tunatumia kazi ya mikono yao lakini hatuli pamoja nao? Semeni bila kuogopa, na bila kumshtaki asiyekuwapo.

3. Someni Yeremia 18, aya 1 mpaka 6, kisha mpange siku moja ya kumtembelea fundi wa mtaa wenu: mfinyanzi, msusi wa vitunga au mchongaji. Nendeni mkiwa wanafunzi. Mkirudi, mweleze mkutano wa shirika yale mliyofundishwa, na nani aliyewafundisha.